Usisubiri Barua ya Kustaafu Ndipo Utafute Michango Yako

Wiki iliyopita muuguzi mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Nimebakiza miaka mitano nistaafu. Nimefungua taarifa yangu ya michango nikakuta kuna miezi mitupu. Afisa utumishi ananiambia nisiwe na haraka, itakaa sawa wakati wa kuandaa mafao. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Haitakaa sawa. Wakati wa kuandaa mafao hakuna anayeketi kukutafutia miezi yako. Wanahesabu iliyopo, wanazidisha, basi. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu najua hauko peke yako, na kwa sababu mwezi huu mapunjo yangu, yaani fedha zilizopungua kwenye mafao yangu, yameingia benki, kwa hiyo nina nguvu ya kusimulia. Walionicheka nao wasome.

Maisha yangu yote ya kazi yalikuwa masjala, kwenye halmashauri. Mnaozijua ofisi za serikali mnakijua chumba hicho: kipo nyuma, kina vumbi, makabati ya chuma ambayo droo zake zinagoma kufunga, na mtu wa humo huitwa pale tu faili la mkurugenzi linapokosekana. Sisi hatukuwa watu wa semina wala posho za safari. Lakini tulijua jambo moja ambalo wakuu wa idara hawakulijua, nalo ni mahali karatasi zinapopotelea.

Halmashauri yetu ilipogawanywa, mafaili ya watumishi tuliopelekwa halmashauri mpya yalipakiwa kwenye lori pamoja na viti na meza. Nilipanda lori lile mwenyewe, nimekalia mafaili. Tulipofika kule hapakuwa hata na shelfu. Na kwa kuwa majina ya baadhi yetu yalikuwa hayajakaa sawa kwenye orodha ya mishahara ya Hazina, kwa karibu miaka miwili tukawa tunalipwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri. Slipu zilichapwa hapo hapo kwa mweka hazina, kwenye zile karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Mshahara ghafi, kodi, chama cha wafanyakazi, mfuko wa pensheni asilimia 5. Kila kato lilikuwepo, kwa herufi zilizofifia za mashine iliyokuwa inalia kama inataka kufa. Mimi nilichana ukingo wa matundu, nikatoboa, nikaweka kwenye faili langu la nyumbani, mwezi baada ya mwezi. Mke wangu aliuliza mara nyingi kwa nini tunafuga makaratasi wakati watoto hawana pa kuweka madaftari.

Agosti 2018 mifuko minne ya pensheni iliyohudumia watumishi wa umma, yaani PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF. Kukawa na maneno mengi maofisini. Wengine walijadili nembo mpya, mimi nikaenda kuomba taarifa ya michango yangu tangu siku ya kwanza ya ajira. Nikaketi nayo mezani, faili langu upande mmoja, kalamu nyekundu mkononi. Kipindi kile cha mapato ya ndani chote kilikuwa kitupu. Asilimia 5 yangu ilikatwa ikabaki halmashauri, na asilimia 15 ambayo mwajiri anapaswa kuniongezea haikuwahi kutoka.

Nikaandika barua, nikaambatisha nakala za slipu. Kijana wa utumishi, ambaye faili lake la ajira nililifungua mimi kwa mkono wangu, akaniambia: "Mzee, hayo ni mambo ya halmashauri mama. Achana nayo, utajitafutia presha bure." Nimesamehe mengi katika utumishi, lakini hilo bado. Halmashauri mama nayo ikasema mtumishi tulishamkabidhi, deni ni la mtoto. Yaliyofuata yalikuwa ya kukaa kwenye mabenchi, sitawachosha nayo. Kilichofungua njia ni slipu. Ofisa wa mfuko aliyekuja kukagua waajiri alipoona karatasi halisi zenye makato, swali halikuwa tena la mzee na kumbukumbu zake. Lilikuwa la fedha iliyokatwa mshahara wa mtu isiende ilikopaswa kwenda. Halmashauri ikaandika kukiri deni. Kutoka kukiri hadi kulipa ikapita miaka, nikastaafu deni likiwa nusu, na nusu nyingine ndiyo hii iliyoniletea mapunjo.

Labda unasema miezi michache si kitu. Hebu tupige hesabu. Kanuni ya sasa inachukua wastani wa mishahara ya mwaka katika miaka mitatu bora ndani ya kumi ya mwisho, inazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia, inagawa kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni yako ya mwaka. Sehemu yake inazidishwa kwa 12.5 unapewa mara moja, ndio mkupuo, inayobaki unalipwa kila mwezi hadi kufa. Chukua mtu wa mshahara wa shilingi milioni 1 kwa mwezi, kwenye kundi la mkupuo wa asilimia 40. Kila mwezi mmoja usioonekana unamla shilingi 103,000 na ushee kwenye mkupuo, na zaidi ya shilingi 1,000 kila mwezi wa maisha yake yaliyobaki. Ikikosekana miaka miwili, ni karibu milioni 2.5 kwenye mkupuo na karibu 25,000 kila mwezi. Hizo 25,000 kwa mstaafu ni umeme, maji na nauli ya kliniki. Na mwanao asikwambie utafidia kwa kufuga kuku.

Sasa niseme lililonikaa rohoni, maana mkisoma hadithi yangu mtadhani shida ni mweka hazina mmoja wa wilayani. Huyo alijifunza kwa wakubwa zake.

Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali kuu hawakuwa wakichangia. Pensheni ililipwa moja kwa moja na Hazina. PSPF ilipoanzishwa kwa sheria ya 1999, ikabebeshwa watu waliokwisha kufanya kazi miaka kumi, ishirini, bila senti moja ya mchango wao kuwekwa. Serikali ikaahidi kwamba sehemu hiyo ya zamani italipa yenyewe. Ikawa inalipa kidogo, mara hailipi, na mfuko ukawa unalipa wastaafu wa zamani kwa michango ya vijana walioajiriwa jana. Deni hilo la kabla ya 1999 lilifika shilingi trilioni 4.46. Mwishoni mwa 2021 serikali ikatoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya takriban trilioni 2.17 kupunguza deni. Isiyo taslimu, zingatia. Ni afadhali kuliko kimya, nami naipongeza serikali kwa hatua hiyo, ila ni karatasi inayoahidi fedha badala ya ahadi iliyotangulia.

Wakati deni hilo linakua, mifuko hiyo hiyo ilikuwa inaombwa ikopeshe. Majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichofunguliwa 2007, yalijengwa kwa fedha za mifuko ya hifadhi ya jamii kwa makubaliano kwamba serikali itarejesha. Chuo ni kizuri, nina mpwa aliyesoma pale. Lakini taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikawa zinahoji marejesho mwaka baada ya mwaka, na anayekumbuka hali ya wastaafu wa 2016 na 2017 anajua ilikofikia: watu waliagwa kwa keki na mashuka, kisha wakasubiri mafao hadi wengine wakafia kwenye kusubiri. Ni sawa na mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana anayejikopesha mwenyewe bila kikao, msiba ukitokea anapita na daftari kuomba mchango upya.

Na sisi tulipitishiwa daftari kweli. Ndicho kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao. Watumishi waliokuwa PSPF na LAPF walizoea kupewa nusu kwa mkupuo, kwa kigawanyo cha 540 na kizidisho cha 15.5. Kanuni za 2018 zikaja na asilimia 25. Kelele zikapigwa hadi Ikulu, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akasimamisha, akasema utaratibu wa zamani uendelee hadi 2023. Hata hiyo 2023 haikufika. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024/25 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akatangaza sisi tulioshushwa kutoka 50 hadi 33 tupande hadi 40, na wale wa mifuko iliyokuwa ikitoa 25 tangu zamani wafike 35.

Mtu wetu yule wa milioni 1, mwenye miaka 30 kazini, kwa utaratibu wa zamani angebeba milioni 62. Kwa asilimia 33 angebeba kama milioni 30.7. Kwa 40 anabeba kama milioni 37.2. Watetezi wa kikokotoo husema pensheni ya mwezi imepanda, nami ni mtu wa haki, nitakubali: ilikuwa kama 333,000, sasa ni kama 372,000. Lakini mliona mlinganyo huo? Milioni 25 kwenda, elfu 39 kwa mwezi kurudi. Ukigawa, utahitaji zaidi ya miaka 50 ya kustaafu ili zirudi sawa. Mimi nina miaka 60, nitawapa jibu nikifikisha 110.

Wanasema mfuko usingebadilisha kanuni ungekufa. Nakubali kwamba ulikuwa unaumwa. Ila aliyeuambukiza hakuandikiwa dawa.

Nilikuwa na mwenzangu, mlinzi wa ofisi, tulihamishwa siku moja kwenye lori lile. Naye alilipwa kwa mapato ya ndani, pengo lake ni lile lile la kwangu. Yeye slipu zake alikuwa anafungia karanga, mkewe alikuwa anauza stendi. Sisemi alikosea; nani alimwambia karatasi ya mshahara ni mali? Kazi ya kutunza kumbukumbu za mtumishi ni ya mwajiri, na mwajiri ana masjala, ana kabati, ana mimi. Lakini masijala ile mpya ilikuwa haina hata paa zima kipindi kile. Alistaafu kabla yangu. Akaenda kudai miezi yake, akaulizwa: "Ushahidi uko wapi?" Mtu amekesha na rungu getini kwao miaka yote ile, anaulizwa ushahidi kwamba alikuwepo. Nilimwandikia barua ya kumthibitisha, ikapokelewa, ikawekwa kwenye faili. Ipo kwenye faili mpaka leo.

Ndiyo maana nikiona vijana wa ajira mpya wanajadili kwenye magrupu watanunua gari gani kwa mkopo wa benki, huku hawajawahi hata siku moja kufungua taarifa zao za michango, nasikia hasira. Ndugu zangu, PSSSF sasa wana programu ya simu iitwayo Kiganjani, unaangalia kwa simu hiyo hiyo unayoangalizia mpira. Fungua. Angalia mwezi kwa mwezi, si jumla tu, maana jumla kubwa inaficha pengo. Ukihamishwa kituo, fungua. Ukipandishwa cheo, fungua uone mchango umepanda pamoja na mshahara. Ukikaimu, ukiazimwa taasisi nyingine, ukirudi masomoni, fungua. Na kama unalipwa na mapato ya ndani, wewe fungua kila mwezi, wala usione haya, maana Hazina haikuoni na mkurugenzi ana mambo mengi.

Slipu tunza. Barua ya kwanza ya ajira tunza, ya kuthibitishwa kazini tunza, za kupandishwa vyeo tunza, za uhamisho tunza. Tunza nakala nyumbani, na nyingine kwa mtu mnayeaminiana, maana nyumba zinaungua. Mwenzi wako ajue faili liko wapi. Vyama vyetu vya wafanyakazi navyo, badala ya fulana za Mei Mosi kila mwaka, vingeweza kutuletea orodha ya waajiri wasiopeleka michango, ikasomwa pale pale uwanjani mgeni rasmi akiwepo. Nimelisema hili kwenye vikao nikapigiwa makofi, kisha tukagawiwa fulana.

Kwako muuguzi. Andika barua kwa mwajiri, nakala kwa ofisi ya mfuko ya mkoa, nakala kwa chama chako. Orodhesha miezi mitupu mmoja mmoja, ambatisha slipu ya kila mwezi, nakala, usitoe halisi hata wakikuapia. Peleka mwenyewe masjala, wagonge muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, uandike na tarehe. Wakikujibu kwa mdomo, rudi uandike nyingine: "Rejea mazungumzo yetu ya tarehe fulani, ambapo uliniambia itakaa sawa." Wataanza kukujibu kwa maandishi. Na kama miezi hiyo ni ya kabla ya Agosti 2018, taja ulikuwa mfuko gani na namba yako ya uanachama ya zamani, wasije wakakutafuta kwa namba mpya pekee wakasema haupo.