Maswali ya walimu: mjukuu wa mfalme aliyeuza watu, naye akauzwa

Nimepangiwa kufundisha Oroonoko, kitabu cha mwandishi Mwingereza Aphra Behn (1688). Niwaambie wanafunzi ni riwaya ya kupinga utumwa?

Usiharakishe, mwalimu. Behn anamlilia mtu mmoja, utumwa wenyewe anauacha. Oroonoko ni mjukuu wa mfalme huko pwani ambayo leo ni Ghana. Nahodha Mwingereza anamkaribisha merikebuni, anamnywesha, kisha anamtia pingu na kwenda kumuuza Surinam, koloni la Waingereza wakati huo huko Amerika Kusini. Kinachomuuma mwandishi ni damu ya kifalme kufungwa minyororo; hata pua ya shujaa anaisifu kwa kuwa ya Kirumi, si ya Kiafrika! Waulize: angekuwa mvuvi tu, nani angemwandika? Mimi swali hilo lilinimalizia kipindi kizima.

Mwanafunzi akisema, "Lakini Waafrika wenyewe waliuzana"?

Usimkemee, kitabu kinamuunga mkono. Nahodha yule yule alikuwa mteja wa Oroonoko, akinunua kwake mateka wa vita. Hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia, maana tunalo neno mateka na tunalo neno mtumwa. Andika yote mawili ubaoni. Mateka ana kwao, na pengine ndugu wa kumkomboa. Surinam ya wakati ule, mtoto wa mjakazi alizaliwa tayari ni mali ya bwana. Oroonoko hakuwahi kusumbuliwa na jambo hilo mpaka Imoinda, mkewe, aliposhika mimba. Ndipo akaongoza uasi. Wape sehemu hiyo waisome mara mbili.

Robinson Crusoe nayo inahusu utumwa? Sisi tuliisoma kama hadithi ya kisiwa.

Mlisoma toleo lililofupishwa. Katika kitabu kamili cha Defoe (1719), Crusoe mwenyewe anakuwa mtumwa Salé, Moroko. Anatoroka kwa mashua pamoja na kijana Xury, kisha anamuuza kijana huyo kwa nahodha Mreno kwa vipande 60 vya fedha. Baadaye, akiwa na shamba Brazili, anajuta kumuuza, kwa sababu amepungukiwa na watu wa kazi. Na safari iliyomtupa kisiwani? Alikuwa anakwenda Afrika kununua watumwa.

Mwisho wa Oroonoko tuusome kwa sauti darasani?

Hapana. Anakatwa kiungo kimoja kimoja huku akivuta kiko. Waonye mapema, wasome wenyewe kimya, na asiyeweza asilazimishwe. Muda utakaobaki mpeni Imoinda, ambaye mumewe alimuua kwa mkono wake ili asibaki nyuma mikononi mwa mabwana.