Maswali Yenu: Mabaki ya Atomu Iliyopasuliwa

Mwanafunzi, Chake Chake: Urani ikipasuka huzaa atomu gani, na kwa nini zina mionzi?

Mwanangu, hazizaliwi zile zile kila mara. Urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, inapopigwa na nyutroni (chembe ya kiini cha atomu isiyo na chaji; mwenzake yenye chaji ni protoni) hupasuka kwa namna nyingi, lakini mara nyingi vipande havilingani: kimoja huwa na uzito (jumla ya protoni na nyutroni zake) wa karibu 140, kingine karibu 95, na nyutroni mbili au tatu huruka pembeni. Bariamu, iliyo katika kundi lile zito, ndiyo waliyoikuta wanakemia Otto Hahn na Fritz Strassmann katika urani waliyoipiga kwa nyutroni mjini Berlin mwishoni mwa 1938, nao wanafizikia Lise Meitner na Otto Frisch wakaeleza maana yake. Vipande hivyo hurithi nyutroni nyingi kuliko inavyowafaa atomu za ukubwa wao, kwa hiyo nyutroni hugeuka protoni moja baada ya nyingine, kila mara ikirushwa elektroni, mpaka kipande kitulie.

Mama, Wete: Mdogo wangu ametibiwa tezi ya shingo Dar es Salaam kwa iodini yenye mionzi, akakatazwa kumpakata mtoto kwa muda. Je, ndiyo ile ya Chernobyl?

Ndiyo, ni iodini-131 ile ile, mojawapo ya mabaki ya urani iliyopasuliwa, iliyovuja kinu cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, kilipolipuka. Tezi hiyo hukusanya iodini bila kubagua yenye mionzi na isiyo nayo. Kwa sababu hiyo baadhi ya watoto waliokunywa maziwa yaliyochafuliwa baada ya Aprili 1986 walipata saratani ya tezi, na kwa sababu hiyo hiyo daktari huweza kuifikisha dawa pale pale panapougua. Kila siku 8 nusu yake hutoweka, hata baada ya siku 80 haibaki sehemu moja katika elfu. Mdogo wako autimize muda aliopewa, hata akijiona mzima. Najua kumkatalia mtoto anayelilia mapaja si kazi nyepesi.

Mvuvi, Nungwi: Seziamu ya Fukushima haimo katika samaki wetu?

Seziamu nayo ni baki la urani iliyopasuliwa, na ilivuja kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011. Jodari waliovuka Pasifiki hadi California mwaka huo walikutwa nayo, ila kwa kiasi kilichozidiwa mbali na mionzi ya asili ya potasiamu iliyomo katika kila samaki. Seziamu-137 hupungua nusu kwa miaka 30, na mwili huipokea kama potasiamu; bahari ina potasiamu tele, hivyo samaki wake huilimbikiza kidogo kuliko wa maziwa ya maji baridi. Kwa jodari wa Nungwi, mimi ningehofia zaidi barafu haba.

Msomaji, Makunduchi: Urani ya Namtumbo ina mabaki haya?

Hapana, isipokuwa chembe zisizofaa kuhesabiwa. Mionzi yake hutoka kwa urani yenyewe na uzao wake wa kuoza polepole bila kupasuliwa, kama radiamu na gesi ya radoni. Mabaki ya kupasuliwa kwa wingi huhitaji kitu kama tanuri la nyuklia, yaani mahali atomu zinapopasuka mfululizo, ingawa huko Oklo, Gabon, ardhi iliwahi kujiwashia tanuri lake takriban miaka bilioni 2 iliyopita, jambo lililogunduliwa mwaka 1972.