Mkuu, hiyo gundi irudishe dukani

Umeuliza gundi gani inashika vizuri kipande cha zulia la zamani kwenye plaiwudi, fremu iwe rangi gani, na kama kioo kinahitajika. Gundi: hakuna. Ya mbao, ya viatu, ya moto, ya kupulizia, zote hapana!

Nilikuwa na kipande cha pindo la zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, rangi nyekundu iliyoiva hasa. Fundi wa fremu, bingwa wa kujisifu, akaniambia, "Tunabandika tu, hakitoki milele." Hapo hakudanganya. Gundi ilizama mpaka kwenye mafundo, ikakauka ikawa ngumu na ya njano. Ubao ukawa unavimba na kusinyaa kadiri unyevu unavyobadilika, sufu haina pa kupumulia, nyuzi za mtande, zile za urefu zinazobeba mafundo, zikaanza kukatika. Kujaribu kukibandua, mafundo yakabaki kwenye ubao, mkononi nikabaki na kitu kama kichwa chenye mapunye. Nilimpelekea mkarabati wa mazulia. Akakigeuza, akakinusa, akanirudishia bila hata kutaja bei. Yule fundi naye eti zulia "lilikuwa limechoka". Limechoka! Limekanyagwa miaka yote hiyo halikufa, likaja kufia ukutani? Na msinicheke, sebule tupu humharakisha mtu.

Kishone. Tafuta kitambaa cha pamba au kitani kilichofuliwa, kivute juu ya kadibodi isiyo na asidi, kisha shona zulia kwenye hicho kitambaa kwa sindano iliyopinda. Sindano ipite katikati ya nyuzi, isitoboe uzi wenyewe. Tawanya mishono mpaka katikati, maana ukishika ukingo wa juu peke yake, uzito wote unauelemea. Uzi wa kushonea uwe dhaifu kuliko zulia, ili kikivutwa ukatike wenyewe. Penye nyeusi na kahawia nzito pole pole sana: rangi za zamani zilizotiwa chuma huila sufu, ndiyo sababu sehemu hizo mara nyingi zimebonyea kuliko nyingine.

Kipimo changu sasa ni kimoja: kama siwezi kukitoa kwa mkasi mdogo bila kuacha alama, sikifanyi. Fundi akikuambia vinginevyo, chukua kipande chako uondoke.

Kioo kikiwepo kisiguse sufu, unyevu ukinaswa hapo ni ukungu. Na usikioshe, nyekundu za zamani zinaweza kuchuja.

Halafu nondo. Viwavi wao wanakula sufu, na ukiwafungia ndani ya fremu umewajengea hoteli. Kabla ya kushona, kifunge kwenye plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Kikitoka usifungue plastiki mpaka baridi iishe kabisa, la sivyo umande utalowanisha sufu.