Ketamini kwa sonona sugu: mambo ya kujua kabla ya kukubali dripu

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, ketamini ni dawa ya chumba cha upasuaji. Aliyepasuliwa jipu kubwa au kurudishiwa mfupa katika hospitali ya wilaya huenda alilazwa usingizi kwa dawa hiyo, kwa kuwa haidhoofishi upumuaji kama dawa nyingi za usingizi na haidai mashine nyingi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuruhusiwa huko mwaka 1970. Ndiyo maana ndugu aliyeko Marekani anaposema ameandikiwa ketamini kwa ajili ya sonona, jamaa wa nyumbani hushtuka na kuuliza anafanyiwa operesheni gani.

Matumizi haya yalianza kupata ushahidi mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walipowapa wagonjwa wachache wa sonona dozi ndogo kwa dripu, kisha wakalinganisha na dripu ya maji ya chumvi. Jambo lililowashangaza ni kasi. Dawa za kawaida kama fluoxetini huhitaji wiki 4 hadi 6 kabla mgonjwa hajapata nafuu ya maana, lakini ketamini inaweza kuleta nafuu ndani ya saa chache au siku moja. Inaziba kipokezi cha ubongo kiitwacho NMDA, na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hatua hiyo huamsha seli za ubongo zijenge upya miunganisho iliyodhoofika.

Kasi hiyohiyo ndiyo mtego wake. Nafuu ya dripu moja kwa kawaida hufifia ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Mgonjwa aliyeahidiwa muujiza, akaamka mwepesi Jumanne na kurudi kwenye giza Jumapili, anaweza kukata tamaa kuliko alivyokuwa mwanzo. Kabla ya kulipa hata senti, ulizeni mpango wa wiki nane zijazo. Kliniki isiyo na mpango huo inauza dripu tu.

Swali la kwanza ni kama sonona hiyo kweli ni sugu. Madaktari huiita hivyo pale ambapo angalau dawa mbili tofauti zimetumiwa kwa dozi kamili, kwa wiki 6 hivi au zaidi kila moja, bila nafuu ya kutosha. Wengi wanaosema "nimejaribu kila kitu" hawajafika hapo. Mfano wa kawaida kwetu ni amitriptilini ya miligramu 25 usiku. Dozi hiyo humsaidia mtu kulala na kupunguza maumivu, lakini kutibu sonona ya mtu mzima mara nyingi huhitaji kupandishwa taratibu hadi 75 au 150, chini ya uangalizi. Mwingine aliacha fluoxetini wiki ya pili kwa sababu ya kichefuchefu. Mwingine ana tezi ya thairoidi isiyofanya kazi vizuri, au anakunywa pombe kila jioni. Hayo yachunguzwe kwanza; matibabu yake ni nafuu na yanapatikana karibu.

Wapo ambao ketamini haiwafai, au inawataka tahadhari kubwa: anayesikia sauti zisizokuwepo, aliyewahi kupata uvimbe wa mshipa mkubwa wa damu au kuvuja damu kwenye ubongo, mwenye presha isiyodhibitiwa, mjamzito, na mwenye historia ya uraibu. Mwenye baipola (ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi) aseme wazi mapema, ikiwemo vile vipindi vya kutolala, kuongea bila kituo na kutapanya pesa, ambavyo familia nyingi haziviiti ugonjwa.

Kuhusu dozi, kipimo kilichotumika kwenye tafiti nyingi ni nusu miligramu kwa kila kilo ya uzito, ikiingia polepole kwa dakika 40. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 30. Kumlaza mtu huyohuyo kwa upasuaji kungehitaji miligramu 60 hadi 120 kupitia mshipa, kwa muda wa dakika moja hivi. Kosa la hatari zaidi linajificha kwenye kichupa. Ketamini huuzwa kwa ukali wa miligramu 10, 50 au 100 kwa kila mililita, kwa hiyo miligramu 30 zinaweza kuwa mililita 3, au 0.6, au 0.3 tu. Anayechota kwa mazoea bila kusoma lebo anaweza kuzidisha dozi mara tano au kumi. Wauguzi wawili wanapaswa kusoma kichupa kwa sauti na kuhakiki hesabu kabla dripu haijafunguliwa. Mkiona mtu mmoja anachanganya dawa peke yake kwa haraka, mna haki ya kuuliza.

Njia ya pili ni esketamini, dawa inayotokana na ketamini, ya kupuliza puani, iliyoruhusiwa Marekani mwezi Machi 2019. Hutolewa kwa dozi ya miligramu 56 au 84, mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, halafu mara moja kwa wiki kwa wiki nne nyingine, kisha kila wiki au kila wiki mbili. Hairuhusiwi kupelekwa nyumbani: mgonjwa hujipulizia mbele ya mhudumu na kuangaliwa kwa saa mbili zisizopungua. Asile kwa saa mbili kabla, wala asinywe kitu kwa dakika 30 kabla. Dripu ya ketamini kwa sonona, kwa upande wake, haijaidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani. Madaktari huitoa kwa uamuzi wao wa kitaalamu, na kwa sababu hiyo bima nyingi hukataa kuilipia.

Wakati dawa inaingia, mgonjwa anaweza kuhisi mwili wake uko mbali, sauti zinabadilika, muda unavutika. Aambiwe mapema, maana asiyejua hudhani anakufa. Taa zipunguzwe, simu izimwe, awepo mhudumu wa kumwambia kwa utulivu kwamba hali hiyo itapita. Kwa wengi huisha ndani ya saa mbili. Akiogopa sana, dripu hupunguzwa mwendo au kusimamishwa. Presha hupanda, kilele chake kikiwa karibu dakika ya 40, kwa hiyo ipimwe kabla, wakati wa dawa na kabla ya kuruhusiwa. Mtu hatoki peke yake, na haendeshi gari hadi kesho yake baada ya kulala vizuri.

Mwambieni daktari dawa zote anazotumia. Diazepamu na dawa nyingine za kutuliza za jamii yake zinaonekana kupunguza nguvu ya ketamini, lakini asiziache ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Pombe na dawa kali za maumivu za jamii ya mofini huongeza hatari ya kusinzia kupita kiasi na kushindwa kupumua.

Ketamini ya kutumiwa nyumbani kwa posta tunaikataa bila kusita. Mwezi Oktoba 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu ketamini inayochanganywa na maduka ya dawa na kutumiwa bila uangalizi. Mwezi huohuo alifariki mwigizaji Matthew Perry. Alikuwa akipata dripu kliniki, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba ketamini iliyochangia kifo chake haikutokana na dripu hiyo. Matumizi ya mara kwa mara kwa dozi kubwa huharibu kibofu pia: mkojo wa kila saa, maumivu, hata damu. Dalili hizo zisifichwe.

Kwa dripu, kliniki nyingi huanza na sita ndani ya wiki mbili au tatu. Pimeni maendeleo kwa dodoso la maswali tisa la PHQ-9, ambalo lipo kwa Kiswahili na lina alama 0 hadi 27. Alama zikishuka kwa nusu au zaidi, tiba inafanya kazi na dripu zinaweza kutolewa kwa nafasi ndefu zaidi. Zisiposhuka baada ya zote sita, msiongeze nyingine kumi kwa matumaini. Tiba ya umeme wa ubongo bado ipo, na kwa mgonjwa anayesikia sauti zisizokuwepo ndiyo hufikiriwa kwanza.

Dawa nyingine na mazungumzo na mshauri viendelee wakati wote. Siku ambazo nafuu inafifia zinahitaji mtu nyumbani anayejua dalili za mgonjwa huyu hasa: kutooga, kutojibu simu, kugawa vitu vyake. Akifikiria kujiua, Marekani namba ya kupiga ni 988, Uingereza ni 116 123. Na kama ana amitriptilini, ndugu aishike yeye na kumpa ya siku chache tu kwa wakati, kwa sababu ikimezwa nyingi kwa mpigo huvuruga mapigo ya moyo na kuua.