Mahepe katika banda la nyumbani

SWALI: Kuku wangu wanne wa miezi 3 wamepooza, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, ingawa bado wanatamani chakula. Daktari wa mifugo amesema ni mahepe (ugonjwa wa Marek). Je, kuna dawa? (Mfugaji, Morogoro)

JIBU: Pole sana, ndugu mfugaji. Mahepe hayana tiba, na antibiotiki hazisaidii kwa kuwa husababishwa na virusi. Kuku asiyeweza tena kufikia maji, usimwache ateseke. Virusi hivyo hukomaa kwenye mashina ya manyoya, hupeperuka pamoja na vumbi la ngozi na kubaki hai bandani kwa miezi mingi. Kwa hiyo waliobaki, hata wakionekana wazima, wahesabu kuwa wameambukizwa, na tafadhali usiwauzie majirani. Havipiti ndani ya yai, wala havimdhuru binadamu.

Nguvu zako zielekeze kwa vifaranga wajao: nunua waliochanjwa kwa sindano siku ya kwanza kwenye kituo cha kutotoleshea, kisha walee mbali na kuku wakubwa kwa wiki kadhaa, ukiwahudumia wao kwanza kila asubuhi, kwa maana chanjo huzuia uvimbe wa saratani na kupooza kunakoletwa na ugonjwa huu lakini haizuii maambukizi yenyewe, nayo huchukua siku kadhaa kabla ya kuanza kukinga.