Udaktari wa misiolojia: je, miaka ya huduma inahesabiwa?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Ni mchungaji Simanjiro, nina miaka 16 ya huduma kati ya Wamaasai na shahada ya uzamili ya theolojia. Natafuta udaktari wa misiolojia (elimu ya utume wa kanisa) bila kuacha usharika. Chuo kimoja cha nje kinataka miaka minne na tasnifu. Kingine, cha Marekani, kinasema uzoefu wangu unatosha: niandike insha tatu, nilipe dola 1,500, na baada ya miezi sita nivishwe joho hotelini Dar es Salaam. Kwa nini nihangaike miaka minne kuandika ninayoyajua tayari?

JIBU: Amina, Mchungaji. Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo inayowaweka mjini hao wa hotelini. Barua za namna hii huja kila mara, na karibu zote zina dhana hiyohiyo: kwamba huduma ndefu ni utafiti ambao haujaandikwa tu. Sivyo.

Miaka 16 inakufungulia mlango. Programu za udaktari wa kihuduma, yaani wa watumishi walio kazini kama huo unaoutafuta, hudai uzamili na miaka kadhaa ya kazi, mitatu ni kawaida. Inakupa lugha na watu wa kukupokea bomani. Data haikupi. Tena inakuwekea kikwazo asichokuwa nacho mtafiti mgeni: wewe ndiye unayewabatiza, unayewafungisha ndoa na kuwaandikia watoto wao barua za kuombea shule. Ukimuuliza mzee "Wokovu umekusaidiaje?" atakujibu anavyojibiwa mchungaji. Ukiweka majibu thelathini ya aina hiyo kwenye tasnifu, mtahini atayafuta kwa aya moja.

Chukua jambo ambalo unaliona kila Jumapili: katika sharika nyingi za Kimaasai, wanawake ni wengi kuliko wanaume. Watumishi wengi hapo huleta andiko la utafiti lenye kichwa "Mchango wa kanisa katika kuwafikia wanaume wa Kimaasai". Hiyo ni ripoti ya mwaka ya dayosisi. Jibu limeshatangulia: kanisa limechangia, changamoto zipo, mapendekezo kumi. Swali la utafiti ni lile unaloweza kukuta jibu lake linakupinga. Kwa mfano: wanaume waliobatizwa wakiwa morani huacha kuhudhuria katika hatua ipi ya maisha, na wao wenyewe wanalielezaje hilo?

Mahojiano yafanyike nje ya usharika wako, ikiwezekana kwa msaidizi asiye mtumishi. Msiulize imani, ulizeni tukio: "Mara ya mwisho mtoto alipougua hapa, mlianza kwenda wapi? Nani aliamua?" Zahanati, maombi na oloiboni (mganga na mwaguzi wa Kimaasai) vitajitokeza kwa mpangilio wake halisi, bila wewe kuvitaja. Kisha kuna kazi ambayo hakuna anayeipigia hesabu. Saa moja ya sauti iliyorekodiwa huchukua saa nne hadi sita kuinukuu neno kwa neno. Mahojiano 25 ya saa mojamoja ni saa 100 hadi 150, kabla ya kutafsiri. Katika nakala hizo liache neno Enkai kama lilivyotamkwa. Ni Mungu, lakini pia ni mvua na mbingu, na kisarufi limebeba kiambishi cha kike. Ukiandika "Mungu" moja kwa moja umeifuta misiolojia yenyewe kabla hujaanza kuichambua.

Kwa kuwa chuo ni cha nje, shughulikia mapema kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia (Kenya ni NACOSTI) pamoja na idhini ya kamati ya maadili ya chuo. Mahojiano yaliyofanyika kabla ya idhini hiyo kwa kawaida hayakubaliki, hata yawe mazuri vipi.

Miaka minne basi inaishia wapi? Masomo ya darasani huwa ni vipindi vya wiki moja au mbili kwa mwaka, vikitanguliwa na usomaji mzito. Huko wachache hukwama. Wengi hukwama baadaye, darasa likishaisha na misiba, harambee na vikao vikirudi. Omba halmashauri ya usharika ikutengee siku moja ya kusoma kila wiki, iandikwe kwenye muhtasari. Na kama nia ni kufundisha chuo kikuu, muulize mwajiri kwanza: huenda akataka PhD, ambayo kwa mfumo wa Uingereza ni tasnifu ya maneno 80,000 hadi 100,000, na asiukubali udaktari wa kihuduma mahali pake.

Sasa hao wa miezi sita. Wakikuonyesha cheti chenye muhuri wa jimbo la Marekani, kisome. Florida, kwa mfano, husamehe vyuo vya dini kuwa na leseni. Karatasi ya msamaha si ithibati, yaani si uthibitisho wa ubora wa chuo, ila ina muhuri mzuri na wengi huishia kwenye muhuri. Wengine wameunda na shirika lao la kujipa ithibati, lenye tovuti yake na jina refu. Kwa vyuo vya theolojia vya Marekani na Kanada angalia orodha ya ATS, jumuiya inayovipa ithibati. Hapa nyumbani waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kulipa, maana wao ndio watakaoitambua shahada hiyo au kuikataa. Udaktari wa heshima nao hauombwi wala haulipiwi. Ukishatajiwa bei, hiyo ni biashara ya majoho.

Mwambie huyo wa dola 1,500 akutumie tasnifu mbili za wahitimu wake, pamoja na majina ya waliozisimamia na vyuo walikosoma. Akisema hizo ni siri za chuo, mkumbushe kwamba tasnifu huwekwa maktaba.