Kuhusu mdogo wako aliyerudishwa nyumbani Longido
Dada, umeeleza kwamba mdogo wako wa kidato cha nne amerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango, na kwamba shule yake haina mwalimu wa fizikia. Anza na michango: ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa Januari 2016, na mchango wa hiari haupaswi kumwondoa mtoto darasani, kwa hiyo mwone mkuu wa shule kwa upole, na akikataa, mwandikie afisa elimu kata.

Fizikia ni ngumu zaidi. Pakua vitabu katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania na mitihani iliyopita katika tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania), uchapishe hapo Arusha mjini. Tuisheni ya mjini siishauri kama hana malazi salama.